Magazeti Chini ya Sakafu

Jua la Desemba halina subira. Lunette Bonneau alipofika nyumbani na mbao mbili za plaiwudi zikiwa zimefungwa kamba juu ya gari, lilikuwa limeshagusa miti ya kinamasi, na kazi ilikuwa bado nusu.

Nyumba yake ilikuwa moja ya zile za magurudumu, ndefu na nyembamba, zinazovutwa kwa lori na kuegeshwa juu ya matofali. Yake iliegeshwa hapo, pwani ya Carolina ya Kusini, miaka thelathini iliyopita, na haikuondoka tena. Sakafu za nyumba hizi ni maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Yakikaa makavu, yatadumu hadi yakuzike. Yakilowa, yanavimba na kumeguka kama andazi kwenye chai. Tangi la maji ya moto la Lunette lilivuja kimyakimya mwaka mzima, naye akatandika kapeti juu ya pale palipobonyea, akasema atapashughulikia mwezi ujao. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Agosti binti yake Kezia, mwenye miaka sita, alikuwa akikimbilia chooni, mguu ukazama hadi pajani, ukavunjika. Hospitali wakauliza maswali. Watu wa ustawi wa jamii wakaja, wakatazama shimo, wakamchukua mtoto.

Miezi minne sasa Kezia alikuwa akilala kwa watu wasiomjua. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli ya mama yake: kesho saa mbili asubuhi afisa anakuja kukagua. Sakafu ikiwa nzima, mtoto anarudi siku hiyohiyo. Isipokuwa nzima, shauri litasikilizwa upya Juni. Lunette alikuwa ameisoma barua ile mara nyingi hata mikunjo yake ikaanza kupasuka.

Tangu alfajiri alikuwa amebandua sakafu ya ukumbi mwembamba, mbele ya mlango wa chumba cha Kezia. Chini ya zulia la plastiki alikuta magazeti. Tabaka juu ya tabaka, ya manjano, yamegandiana, mengine ya kabla hajazaliwa. Aliyakwangua yote akayatia kwenye pipa la moto uani.

Alikuwa akiingiza ubao wa pili mlangoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Hodi! Weye fundi wa kujipachika, umekula?"

Bibi Ozella, jirani yake, aliingia na sahani ya wali mwekundu kabla ya kukaribishwa, maana huo ndio ustaarabu wake. Dada yake marehemu, Parthenia, ndiye aliyemuuzia Lunette nyumba hii. Bibi alikuwa amevaa kofia ya kanisani. Akatazama shimo la sakafu. Akatazama moshi wa pipa dirishani. Sahani ikainama mkononi.

"Magazeti yako wapi?"

"Nimeyachoma, bibi. Yalikuwa yameoza."

"Yote?"

"Yote. Kwani ulikuwa hujamaliza kuyasoma?"

Bibi Ozella hakucheka, na huyu ni mwanamke anayecheka hata mazikoni.

"Aliyekuwa anayasoma si mimi," alisema polepole. "Lipo jinamizi chini ya nyumba hii, mwanangu. Lilikuwapo kabla ya nyumba. Lina ugonjwa mmoja: likikuta maandishi haliwezi kuyavuka mpaka liyasome, herufi mojamoja. Ndiyo maana dada yangu akaongeza tabaka kila mwaka mpya."

"Bibi, yale magazeti yaliwekwa kuzuia baridi."

"Haya. Mdharau mwiba mguu huota tende." Akaweka sahani juu ya jokofu. "Ziba hilo shimo kabla ya giza. Nawahi maombi. Nikirudi nakuletea magazeti, utake usitake."

Akaondoka. Lunette alitikisa kichwa, akawasha msumeno. Mazee ya pwani hii yangekwambia hata mafua yametumwa.

Alikata ubao, akaupachika juu ya mihimili, akakaza skrubu. Kikabaki kipande kando ya ukuta, upana wa trei, penye maranda ya zamani yaliyoonekana mazima. Alipagonga kwa nyundo. Palijibu vizuri. Akapiga hatua moja kuchukua drili...

Sakafu ikapasuka.

Mguu wa kulia ulizama wote. Akajikuta amekaa, paja limebanwa kati ya mihimili miwili, kucha za maranda zikiwa zimeelekea chini na kumwingia nyamani. Akajivuta. Zikazama zaidi. Ni kama mgono wa samaki: kuingia rahisi, kutoka balaa. Kiatu kilikuwa kimechomoka na kuanguka huko chini. Mguu ulikuwa umetoboa plastiki nyeusi inayofunga tumbo la nyumba, na sasa ulining'inia gizani na soksi tu.

Simu ilikuwa jikoni. Nondo ya kubandulia ilikuwa ukutani, mbele kidogo ya vidole vyake. Alijinyoosha hadi bega likalia. Ikabaki upana wa kiganja.

"Bibi Ozella!" aliita.

Watu wote wa barabara ile walikuwa kwenye maombi.

Dirishani, wekundu wa mwisho ulizimika. Harufu ikapanda kutoka shimoni, ya matope ya kinamasi na karatasi iliyolowa.

Kisha kitu kikamgusa kisiginoni.

Kidole.

Hakikumkwaruza. Kilipita taratibu sana pembeni mwa soksi, pale palipofumwa jina la timu ya shule ya Kezia. Kikapita herufi ya kwanza. Kikasimama. Kikapita ya pili. Na chini ya sakafu, sauti kavu ya mtu asiyenywa maji siku nyingi ikawa inanong'ona kila herufi... moja... moja...

Lunette alijivuta tena, maranda yakamzuia. Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani mwake.

Kidole kilimaliza jina la timu. Kikapanda juu ya soksi, kwenye ngozi. Kikatafuta huku. Kikatafuta kule. Kwenye ngozi hapakuwa na kitu cha kusoma.

Mkono mzima ukamshika muundi.

Ukaanza kuvuta.

Meno ya maranda yalichana. Lunette alipapasa sakafuni, akapata mfuko mtupu wa skrubu wenye maelezo nyuma, akausukuma shimoni. Mkono ulilegea. Sauti ikasoma... mistari mitatu tu. Mkono ukarudi, baridi zaidi, goti likazama.

Hakikubaki kitu cha maandishi. Ila kile cha kifuani.

Aliitoa barua. Kurasa mbili, zimejaa. Mstari wa tatu ulikuwa na jina kamili la mwanawe. Alijaribu kuuchana utoke, na mkono wa chini ukamvuta hata nyonga ikalia. Mama gani anafanya hivi? alijiuliza. Akajijibu palepale: yule ambaye akifa leo, mtoto wake atalelewa na wageni hadi utu uzima.

Akaisukuma barua shimoni.

Mkono ulimwachia. Karatasi ikachakarika, taratibu, kama inavyofunguliwa na mtu mwenye adabu. Lunette alijitupa mbele kwa nguvu zake zote. Safari hii vidole vikaipata nondo. Akayavunja maranda kandokando ya paja, kipande kwa kipande, na huku chini sauti ikisoma tarehe, ikisoma namba ya jalada...

"K..." ilinong'ona. "E... Z..."

Alichomoa mguu ukiwa unavuja damu. Sauti ilimaliza jina. Ikalirudia. Barua nzima ilikuwa bado haijasomwa, lakini sauti ilisimama hapo, ikilirudia jina lile kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Lunette aliweka ubao juu ya shimo na kukaza skrubu arobaini.

Bibi Ozella alimkuta amekaa juu ya ubao ule, drili mapajani. Alifunga jeraha, kisha akasikiliza habari yote, na ilipofika kwenye barua akavua kofia.

"Ulilipatia barua?"

"Ningelipatia nini, bibi?"

"Gazeti ni la watu wote, mwanangu. Barua ina mwenyewe." Akapapasa ubao kwa kiganja. "Dada yangu hakuwahi kulipatia jina la mtu wake. Sijui litafanya nini. Sitakudanganya kwamba najua."

Wakatandika magazeti yote ya Bibi Ozella, na kitabu kinene cha zamani cha namba za simu, kurasa zake zimechanwa na kupangwa tabaka kumi. Juu yake wakabandika zulia jipya. "Litachukua mwaka mzima kuyamaliza," Bibi alisema, akijitahidi kucheka. Lunette alimshika mkono akalia, na hakuona aibu.

Saa mbili asubuhi afisa alikuja. Alitembea ukumbini mara tatu, akarukaruka kidogo kwa visigino, akatabasamu.

"Kazi safi. Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi anarudi leo. Ila kuna sharti: mtakaa hapahapa, anwani hiihii, hadi Juni, tuweze kuwatembelea. Mkihama, tunamchukua tena."

Lunette aliangalia sakafu. Aliangalia kalamu. Akatia saini.

Saa sita mchana Kezia alishuka garini amerefuka, jino la mbele halipo, akamrukia mama yake shingoni. Walizunguka uani wakicheka kama wendawazimu. Kisha Lunette akaenda kumpikia makaroni na jibini, jua likiwaka madirishani, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti akasikia njaa.

Alikuwa akikoroga sufuria aliposikia mnong'ono ukumbini.

Kezia alikuwa amelala kifudifudi juu ya zulia jipya, shavu sakafuni.

"Mwanangu... unaongea na nani?"

"Na mtu wa huku chini. Anajua jina langu lote."

Mwiko ulimdondoka. "Anataka nini?"

"Ameniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia shuleni tumefika kwenye maneno mafupi." Kezia alitega sikio tena, akaitikia kwa kichwa, kisha akamtazama mama yake kwa furaha. "Anasema karatasi ni nyingi mno, mama. Lakini tukisoma wawili, tutamaliza upesi."