Chombo Kina Mwenyewe

Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Utayari wa Umma Kupanda Boti Zinazojiendesha. Ajenda ya Pekee: Rangi ya Viti. Waliafikiana buluu. Abiria hawakupanda hata hivyo.

"Chombo bila mtu? Panda wewe, mwanangu," muuza chai wa gatini alimwambia afisa uhusiano. "Sisi tutazunguka darajani."

Afisa akatafuta kofia na koti la nahodha, akakivika kiti cha chumba cha usukani, akashusha pazia nusu. Kisha akatangaza kwa kipaza sauti: "Msiogope, ndugu zangu. Chombo kina mwenyewe!"

Wakapanda. Kamati ikampongeza kwa barua yenye mihuri miwili.

Haukupita muda, kofia ikawa inakutwa imelowa. Chumba kilichofungwa kikaanza kunuka udi na tope.

"Nahodha wenu mcheshi," mke wa afisa, mwalimu aliyevuka kila siku, alimwambia mumewe wakila. "Leo kaniita Kijiko."

"Kijiko?"

"Marehemu baba ndiye aliyekuwa akiniita hivyo. Peke yake. Ulimwambia wewe?"

Afisa aliacha chakula, akatoka. Alimleta mganga, naye akaishia gatini, pua kaiziba.

"Nani alisema kina mwenyewe?"

"Ni namna ya kusema tu, mzee."

"Nyie mnasema, wenzenu wanaitika. Yafute maneno hayo kwa kinywa kilekile, mbele ya watu: sema hamna mtu."

"Nitasema. Kesho kuna sherehe; mgeni rasmi akishaondoka."

"Jini hana itifaki, bwana," mganga alinong'ona, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi ukungu ulifunika maji, mgeni rasmi akapiga makofi, abiria wakaingia wakisukumana kwa vicheko, na afisa, kipaza sauti mkononi, akamwona mkewe akimpungia kutoka kiti cha buluu, na nyuma yake, juu ya koti lisilo na shingo, akaiona kofia ikigeuka polepole kumtazama yeye, harufu ya udi ikapanda mpaka kwenye hema la wakubwa, naye akafungua kinywa aseme yale maneno mawili, akakutana na jicho la mwenyekiti wa kamati, akasema, "Karibuni."

Taarifa ya kamati inataja hitilafu ya mawasiliano. Boti haikuzama, wala haikufika ng'ambo. Ilivyokuwa hasa, afisa alijua, na alimwacha mkewe aende.