Siku Nne za Bibi Zakia

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati ya mtaa wa Nyasubi, Bibi Zakia humenya mihogo. Huimba polepole kwa lugha ya kwao Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alitoka huko akiwa bibi arusi. Mjukuu wake Raudha humsikiliza mpaka kope zinakuwa nzito.

"Muhogo mchungu hulala majini siku nne," Bibi humwambia. "Hauamshwi mapema."

Lakini mkwewe Mbuke, mama yake Raudha, alichoshwa na harufu ya ndoo ya kulowekea mihogo. Jirani yao Ndaki alikuwa akipita ameshika pua.

"Mama Raudha, leo nini kimefia humo?"

"Chakula cha mama mkwe hicho. Si unawajua Wakongo!"

Wakacheka.

Siku moja Bibi alikwenda msibani Chato. Mihogo ilikuwa imelala majini usiku mmoja tu. Mbuke akaitoa na kuianika. Ilipokauka akaisaga, akasonga ugali. Raudha akala akashiba.

Jioni mtoto alitapika.

"Mama," alisema taratibu, "nyumba inaelea."

Kisha miguu ikamlegea.

"Mayo! Mama yangu! Ee Mungu, niachie mwanangu!" Mbuke alilia. Akambeba mbio hadi kituo cha afya.

Muuguzi Sesilia alimhudumia mtoto haraka.

"Amekula nini?"

"Ugali wa muhogo."

"Mchungu? Mliuloweka siku ngapi?"

"Moja."

"Dada, muhogo mchungu una sumu! Umenye, uuloweke siku tatu hadi nne, mpaka ulainike. Maji yake mwaga. Halafu uanike mpaka ukauke kabisa. Nani alikufundisha siku moja?"

"Hakuna," Mbuke alijibu, akilia. "Aliyenifundisha siku nne nilimcheka."

Mungu alisikia. Kulipokucha, Raudha aliomba uji.

Bibi aliporudi, Mbuke alipiga magoti.

"Shikamoo, Mama. Nimekosa."

"Marahaba. Inuka, mwanangu. Mimi nilifundishwa na bibi yangu siku tuliyomzika mdogo wangu. Mdogo wangu huyo naye alikuwa amekula muhogo wa haraka."

Mbuke aliinuka, akaketi karibu naye.

"Aliitwa nani?"

"Chausiku."

Sasa Mbuke huhesabu siku nne kamili. Ndaki naye alikuja kuelezwa, akaketi chini kama mwanafunzi. Tangu hapo hakuna aliyeugua kwa muhogo katika nyumba zile mbili. Na kila Mbuke anapomwaga maji ya mihogo, husimama kidogo, akamwombea Chausiku.