Manjano Yaliyogeuka Mekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ketaki alifungua sanduku la bati la Bibi na kuchungulia kitambaa cheupe. Katikati yake palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vya rangi ya manjano. Dada yake, Vaishali, aliigandamiza hapo siku alipopakwa manjano ya harusi, kabla wakwe zake hawajamchukua kwenda mji wa mbali wa Nagpur. Ketaki aliweka kiganja chake juu ya kile. Chake kilikuwa bado kidogo.

Mji wao mzima, Sangli huko India, hunuka manjano, maana ndiyo biashara yake. Lakini hayo ya kitambaani yalinuka dada. Tangu aondoke, hakuna aliyemsuka Ketaki bila kumvuta nywele, wala aliyecheka vichekesho vyake.

Sasa Nagpanchami ilikaribia, sikukuu ambayo mabinti walioolewa hurudi kwao kubembea. Vaishali alikwisha kukatiwa tiketi ya basi. Ketaki aliona kitambaa kimeshika vumbi, akataka dada akikute safi. Bibi alikataza kisiguswe, lakini Bibi alikuwa hekaluni. Ketaki alikitumbukiza kwenye ndoo, akakisugua kwa sabuni ya kipande.

Alama ikawa nyekundu kama damu.

Alikikamua bila hata kukisuuza, akakianika chumbani. Kilipokauka, akakirudisha sandukuni na kunyamaza.

Jioni Bibi alikikuta. "Ole wangu! Mkono wa mtoto unatoka damu! Hii ni ishara. Asipande basi!"

"Mama, kitambaa hakitoi damu," mama yake Ketaki alisema.

"Wewe na masomo yako! Basi likipinduka, utanirudishia mjukuu?"

Bibi alipiga simu mwenyewe. Ketaki alisikia sauti ya dada ikikatika kwa kilio: "Sawa, Bibi. Nitabaki."

"Mwaka huu utabembea na mbuzi," kaka yake, Suhas, alimtania. Ketaki hakucheka. Aliisukuma sahani ya chakula kando.

Kesho yake alimkuta Bibi ameketi na tasbihi, macho yamevimba.

"Bibi, si ishara. Ni mimi. Nilikifua."

"Ulikifua? Ukaniacha nikilia mpaka alfajiri?"

Mama alikuwa akisikiliza mlangoni. Hakungoja kilio kingine, akamwambia Ketaki: "Lete sabuni, limau na kitambaa kikuukuu."

Alipaka kitambaa hicho manjano, kisha akakisugua kwa sabuni. Kikageuka chekundu mbele ya macho ya Bibi. Akakisuuza, akakikamulia limau. Rangi ikarudi.

"Sabuni ina alkali," Mama alisema. "Manjano yakikutana nayo huwa mekundu. Limau lina asidi, nayo huyarudisha. Hakuna damu hapa."

"Sasa fanya hicho changu," Bibi alisema. "Polepole!"

Mama alikisuuza kitambaa cha Vaishali, akakidondoshea limau. Kidole kimoja baada ya kingine, mkono ukarudi, umefifia kidogo. "Usikianike juani. Jua hupausha manjano," alionya.

Bibi alinyakua simu kumwita mjukuu wake aje. Lakini kiti chake kilikwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, na basi lililofuata lenye nafasi lingefika baada ya sikukuu. Ketaki aliangua kilio.

"Lia tu," Mama alisema, akimpangusa uso kwa upindo wa sari. "Kosa la sabuni tumelirekebisha kwa limau. Kosa la kunyamaza halina limau. Ungesema jana, dada yako angekuwa anafunga mizigo saa hizi. Ukiharibu kitu, sema siku ileile, hata kama utachapwa. Haya, simu hii. Mweleze mwenyewe."

Ketaki aliishika kwa mikono miwili. Kabla hajapata neno la kuanzia, Vaishali alisema, "Ketaki? Ni wewe? Nimekujua kwa hiyo kwikwi. Nitakuja, mdogo wangu. Nitachelewa tu."