Sangara Aliyeangusha Darasa

Kila jioni, nyumbani kwao Mwisenge, kando ya Ziwa Victoria, Nyamburi alimsubiri baba yake arudi kutoka sokoni. Mzee Lameck aliuza samaki. Akifika tu, binti yake aliichukua simu ya baba, ikiwa bado inanuka sangara.

Nyamburi alikuwa kidato cha pili. Katika klabu ya kompyuta shuleni, alitengeneza programu ya simu ya kujipima masomo. Programu inauliza swali. Mwanafunzi anachagua jibu, nayo inamwambia kama amepata au amekosa. Wenzake waliipenda mno. Waliiweka kwenye simu za wazazi wao, wakaacha kabisa kufungua vitabu.

Yakaja matokeo ya mtihani wa majaribio. Mungu wangu! Darasa zima lilikosa swali moja, tena kwa jibu lile lile. Wote waliandika kwamba sangara ni samaki wa asili wa Ziwa Victoria.

"Hawa wameibiana!" mkuu wa shule alifoka. "Nafuta matokeo yote!"

"Programu yako imetuponza," wenzake walimwambia Nyamburi. Alilia mpaka macho yakavimba.

Mzee Lameck alipopata habari, alikuja shuleni mbio kwa bodaboda. Alimkuta Nyamburi na Mwalimu Dafroza, msimamizi wa klabu.

"Madam, hiyo simu naenda kuitupa ziwani!"

"Keti kwanza, Baba Nyamburi. Nyamburi, jibu hili ulilipata wapi?"

Nyamburi alitazama sakafu. "Kwa baba."

Mzee Lameck aliduwaa. "Kwangu mimi?"

"Nilikuuliza kama sangara ni wa asili ya ziwa hili, ukiwa unapara samaki. Ukasema, 'Toka lini hili ziwa likakosaga sangara?'"

"Sasa uongo uko wapi? Mimi nauzaga sangara tangu ujana wangu!"

"Sangara aliletwa, mzee," mwalimu alisema. "Watu walimtoa ziwa lingine, miaka ya hamsini. Alipozaana, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili ya hapa, mpaka aina zao nyingi zikatoweka."

Mzee Lameck alishika kichwa. Ilikuwa kama ameambiwa ng'ombe wa kwao Butiama walishuka kwa ndege.

"Kumbe mimi ndiye nimeangusha watoto wa watu!"

"Hata mimi nimekosea," mwalimu alisema. "Niliifurahia programu bila kuikagua. Simu haijui kitu. Inarudia tunachoiwekea. Tukiweka kosa, linafika nyumba zote."

"Sasa tufanyeje, Madam?" Nyamburi aliuliza.

"Kila jibu litoke kitabuni, na ukurasa wake uonekane. Walimu wa masomo wakague. Wanafunzi wachache waijaribu kabla ya wengine. Na uweke kitufe cha kuripoti kosa. Mkuu wa shule nitamweleza mimi."

Mkuu alielewa. Matokeo hayakufutwa. Nyamburi na wenzake wakairekebisha programu, na vitabu vikafunguliwa tena. Katika jaribio lililofuata, swali la sangara lilirudi. Hakuna aliyelikosa.

Mzee Lameck naye siku hizi hujipima. Akikosa, hubishana na simu, kisha anatafuta ukurasa.

Juzi mteja alimuuliza sokoni, "Mzee, huyu sangara ni wa hapa hapa?"

Mzee Lameck aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Huyu wa hapa. Ila wazee wake walikuwa wageni," alisema, akitoa simu mfukoni. "Unabisha? Subiri nikuonyeshe kazi ya binti yangu."