Nyumba Isiyo na Mkwe

Naitwa Dorkas. Nauza dagaa soko la Mwigobero, hapa Musoma. Wateja wananiita mkali, na ni kweli. Lakini mwaka juzi nilikuwa mkali zaidi, na sababu yake siifichi.

Mama yangu, Anastazia, alianguka. Alikuwa anaishi peke yake kule Bukima. Baba alifariki zamani, na mtoto wao ni mimi tu. Siku hiyo mama aliteleza uani kwake akitoka ziwani kuchota maji. Alilala pale chini tangu asubuhi mpaka jioni, jirani alipokuja kuazima ungo. Kama ungo wa jirani usingetoboka, leo ningekuwa nasimulia mengine.

Hospitali walisema mguu haukuvunjika, lakini asikae tena peke yake.

Sasa aende wapi? Utasema, si aende kwa binti yake. Kwetu haiwezekani. Mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Hali naye chakula, wala hapishani naye njiani. Mume wangu Wenceslaus, fundi mitumbwi, akienda Bukima husimama nje ya uzio. Wanasalimiana kila mtu anaangalia pembeni. Ndiyo heshima yetu.

Wenceslaus alisema, "Mlete. Mimi nitahamia karakana, nilale na mbao zangu."

Mama akakataa. "Nyumba ni ya mkwe hata akiwa hayupo. Sijazeeka ili nije kuvunja heshima."

Baba mdogo Machage akaitisha kikao. Yeye ni mdogo wake marehemu baba. Ana vijana watano, na mji wake umepakana na wa mama.

"Shemeji atabaki hapa," alisema. "Vijana wangu watamwangalia."

"Vijana gani, baba mdogo? Siku ile walikuwa wapi?"

"Walikuwa na kazi."

"Wote watano? Asubuhi mpaka jioni? Kutoka mlango wako mpaka wake ni hatua hamsini. Leo nimezihesabu."

Akaniambia mtoto wa kike haongeagi hivyo kwenye kikao. Nikaendelea kuongea. Nikasema mteja wangu mmoja ameniambia kuna nyumba ya wazee Bunda, mtaa wa Manyamanyama.

"Unataka kumtupa mama yako," alisema Machage. "Ukoo mzima utachekwa."

Mtu amemwacha mjane wa kaka yake chini kutwa nzima, halafu anaogopa kuchekwa. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasimama, nami nikasimama.

Mama alikuwa kwenye mkeka. Akasema, "Mnanijadili kama ng'ombe wa mahari. Nani ameniuliza?"

Machage hakumuuliza. Na mimi niliyekuwa nampigania, sikumuuliza. Hilo liliniuma kuliko maneno yote ya siku ile.

"Nipelekeni nikaione," mama alisema. "Ndipo nitasema."

Tulipofika Manyamanyama tulipokewa na Mwalimu Euphrasia, mwalimu mstaafu, mama mfupi mwenye funguo shingoni. Akatuonyesha vyumba, kisima na jiko. Upande mmoja wanawake, upande wa pili wanaume. Mama hakuangalia vitanda. Aliuliza jambo moja.

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Haina mwenyewe, mama."

"Kila nyumba ina mwenyewe."

"Keti basi nikusimulie," alisema Mwalimu. "Mwaka 2009 tulikuwa wanawake watano, majirani. Wote tulizaaga wasichana watupu. Mwenzetu mmoja aliyeitwa Kwangu akafia ndani peke yake. Tukajua siku ya tatu. Na binti yake yuko hapa hapa Bunda, kaolewa. Hakushindwa na umbali. Alishindwa na heshima ya mkwe."

Mama akaitikia kwa kichwa. Aliyajua hayo.

"Tulitoka mazikoni na hasira. Tukajenga chumba kimoja cha tope, vitanda vinne. Kiwanja alitoa mwenzetu Getruda. Na hapo ndipo tulipokosea. Tulikiacha kwa jina lake."

"Getruda naye akafa," alisema mama.

"Akafa. Mume wa binti yake akaja kudai kiwanja. Wazee kusikia hivyo, wakabeba magodoro nje mchana kweupe. Getruda alikuwa rika letu, kwa hiyo mkwe wake ni mkwe wetu sote. Tutalalaje kwake? Tukakaa uani na manyunyu yanatunyeshea. Yeye akija, tunajifunika khanga usoni. Siku ya nne aibu ikamshinda. Akaenda na mwenyekiti wa mtaa, akasaini kukiacha."

"Kwa hiyo sasa ni chako."

"Hapana. Tulisajili chama. Kiwanja kina jina la chama. Katiba inasema hakuna wa kukirithi, na hakuna wa kugawana faida. Kikibaki kitu, kinarudi kwenye uji na dawa. Nikifa mimi, watoto wangu hawapati hata kijiko."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo hapa hakuna mkwe."

"Hakuna mkwe."

"Na shamba langu la Bukima?"

"Ni lako. Sisi hatupokeagi shamba la mtu. Ukiona nyumba ya wazee inakudai hati ya shamba, kimbia na mguu wako huo huo mbovu."

"Nikifa?"

"Tunakurudisha kwenu. Hapa hatuna makaburi."

"Nikichoka kukaa?"

"Unaondoka. Mzee anaingia kwa kinywa chake na kutoka kwa kinywa chake. Mtoto wake akija kumsemea, tunamwambia akae nje."

Aliposema hivyo aliniangalia mimi. Nikaangalia chini.

"Nitakaa," mama alisema.

Sasa ni mwaka wa pili. Mama anatembea na mkongojo, amepanda mchicha nyuma ya jiko, na anagombana na wenzake juu ya redio. Msimu wa kupanda ukifika anakwenda Bukima kutia mbegu ya kwanza shambani kwake, kisha anarudi. Wenceslaus amemtengenezea benchi. Alilikabidhi nje ya uzio, akiangalia pembeni.

Jumapili moja nilikuwa pale, mama ameketi kwenye hilo benchi. Getini akasimama mzee na fimbo. Alikuwa Machage. Mke wake alikuwa amefariki. Wale vijana watano, mmoja yuko Mwanza, wawili visiwani, na wawili wapo pale pale Bukima, wana kazi.

"Dorkas," alisema, "niulizie kama kuna nafasi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa. Nilikuwa nimeyatunza mwaka mzima. Mama akaniwahi.

"Machage, hapa mtu hasemewi na mtoto. Sema mwenyewe."

Alishika geti kwa mikono miwili. "Naomba kukaa hapa," alisema, kwa sauti ndogo.

Nikamwambia arudie, sikusikia. Nilikuwa nimesikia vizuri sana.