Kanzu Iliyorefuka

Kila Ijumaa Mzee Miraji wa Chumbi huoga, huvaa kanzu, kisha huenda msikitini. Ijumaa moja pindo la kanzu lilifagia vumbi. Alipoishonesha ikiwa mpya, lilikuwa juu ya vifundo vya miguu.

"Fundi Nassibu kaniharibia nguo!" alifoka.

Nassibu alikunja pindo kwa ndani, akalishona. Mwaka uliofuata, pindo likawa chini tena.

"Mzee, kanzu hii siigusi tena," alisema Nassibu. "Nguo haioti."

Watu wakaanza kunong'ona. Eti kuna mtu anamzika Miraji kwa uchawi, kidogo kidogo, angali hai. Miraji alisikia. Tangu hapo aliogopa kusimama mahali pamoja, asije akadidimia.

Asubuhi moja aliinama kuinua ndoo ya maji. Hakuanguka, wala hakuguswa na mtu. Kitu kikalia "ka!" mgongoni. Alipiga ukelele, akajishikiza ukutani.

"Baba Fikirini, wamekufikia!" alilia mkewe, Mwanaamina. Hata hivyo, alikimbia kumwita Consolatha, nesi wa zahanati.

Consolatha alikuja na futi kamba. "Shikamoo, mzee. Pole sana. Nataka nikupime urefu."

"Marahaba. Unipime?" aliuliza Miraji. "Mwanangu, huku mtu hupimwa urefu akishakufa. Hukatwa ufito wa kimo chake, ukapelekwa makaburini kupimia kaburi. Marehemu kaka yangu nilimpima kwa mkono huu. Mimi sipimwi!"

Consolatha alikuwa mtu wa bara, hakulijua hilo. Kisha akaiona kanzu kwenye kamba.

"Basi nitapima kanzu."

Alipima pindo lililokunjwa, na sehemu iliyochakaa kwa kuburuzwa chini.

"Kanzu haijarefuka, mzee. Wewe ndiye uliyepungua kimo. Nadhani mifupa yako imedhoofika, ina vitundu kama mkate wa kumimina. Pingili za mgongo zinabonyea. Huenda moja imevunjika leo."

"Si ugonjwa wa mabibi huo?"

"Hata wanaume huwapata. Ila wao hawapimwi mpaka wavunjike. Unatumia dawa gani?"

Mwanaamina alileta vidonge vya pumu. Miraji alikuwa akijinunulia dukani kwa miaka mingi, bila kumwona daktari.

"Hivi vikitumiwa muda mrefu hudhoofisha mifupa," alisema Consolatha. "Lakini usiviache ghafla, ni hatari. Daktari ndiye atakayekupangia. Na sigara unazovuta, mzee, basi."

Hospitalini Utete, picha ya eksirei ilionyesha pingili iliyovunjika. Akapelekwa Dar es Salaam kupimwa uimara wa mifupa. Alilala tu juu ya kitanda cha mashine, hakuumia. Daktari alimbadilishia dawa ya pumu. Akampa pia kidonge cha mifupa cha kila wiki: kumezwa asubuhi kabla ya kula, kwa maji mengi, na asilale mpaka nusu saa ipite.

Mwanaamina akazidisha dagaa na mboga za majani. Akaondoa mlangoni vitu vya kujikwaa. Miraji naye akaanza kutembea kila asubuhi.

Idd ikaja, na nyingine ikafuata. Kimo kilichopotea hakikurudi, lakini pindo halikushuka tena. Siku Consolatha alipopita kumjulia hali, Miraji alisimama mwenyewe ukutani, visigino pamoja. Mwanaamina alishika mdomo kwa mshangao.

"Nipime, mwanangu," alisema Miraji. "Ila ufito wangu uacheni porini, uendelee kuota."