Gasketi ya Tundu Dogo

Fundi Okeyo alikutwa amelala chali kando ya meza yake ya kazi, katika gereji yake huko Lanet. Fuvu lilikuwa limepasuka upande wa kushoto. Spana ya magurudumu ilikuwa sakafuni, imejaa damu. Juu ya kifua chake mtu alikuwa amemwekea gasketi ya silinda hedi, lile bati jembamba lenye matundu linalozibia injini, ndefu, ya lori.

Inspekta Cheruto alichuchumaa. Matundu mawili ya gasketi ile yalikuwa yameungua hadi yakaungana.

"Simu iko mfukoni, madam," alisema Konstebo Wamalwa. "Pesa pia. Huyu hakuibiwa."

"Spana ipelekwe ikachukuliwe alama za vidole. Hii nitatembea nayo mimi."

Duka la vipuri lililokuwa karibu lilikuwa la mama mmoja aitwaye Tabby. Aliigeuza gasketi mara moja tu, akaiweka kwenye kaunta kama kitu cha moto.

"Nimeiuza mimi, afande. Ni ya lori la Kigen."

"Aliinunua Okeyo?"

"Hapana. Okeyo alikuja na vipimo vyake. Silinda za lori hilo zilikuwa zimechongwa upya, matundu yakapanuka. Akataka gasketi ya tundu kubwa. Sikuwa nayo, nikamwambia niagize Nairobi. Akasema sawa, atangoja, akasafiri Siaya kwa matanga."

"Hii je?"

"Hii ni saizi ya kawaida. Ukiifunga kwa injini iliyochongwa, ukingo wake unachungulia ndani ya silinda, unapigwa na moto. Kwa tambarare inaweza kwenda. Ukipanda mlima, inapasuka."

"Nani aliichukua?"

Tabby alitazama barabarani. "Kimeli, mdogo wake Kigen. Nilimwambia haitafaa. Akasema kaka yake anampigia simu kila saa, anataka lori."

Wamalwa ndiye aliyekumbuka ajali. Jumamosi iliyopita lori la Kigen, akiliendesha mwenyewe, lilikufa injini likipanda kona za juu ya Mai Mahiu. Mkewe, Jepkemei, aliyekuwa amepanda naye kwenda kumwona mamake, alishuka kuweka matawi barabarani ili magari mengine yajihadhari. Trela lililokuwa likishuka likamgonga, akafa papo hapo.

Walimkuta Kigen nyumbani kwake, ameketi nje, shati lina madoa. Hakukimbia. Alinyoosha mikono kabla hajaulizwa.

Kituoni, Cheruto alimsomea haki zake.

"Ulienda gereji lini?"

"Jana, jua likizama."

"Kwa nini?"

"Fundi wa Mai Mahiu aliifungua injini. Akanionyesha. Akasema, 'Boss, aliyekufungia hii alikuuza. Saizi ni ndogo.' Nikaibeba nikampelekea Okeyo."

"Alisema nini?"

"Alisema si yeye aliyefunga. Akasema niulize... Sikumwacha amalize. Mke wangu nilimwokota kwenye lami kwa mikono yangu, madam. Halafu mtu ananiambia si yeye?"

"Nani alikwambia Okeyo ndiye aliyefunga?"

"Kimeli. Alinipigia simu, akasema fundi amemaliza, nikuje nichukue gari."

Cheruto alimwangalia Wamalwa. Kimeli alikuwa hapo nje, kwenye benchi, amemletea kaka yake chai kwa thamosi. Aliitwa ndani, akaketi bila kuiachilia thamosi.

"Gasketi ulinunua wewe," alisema Cheruto.

Kimeli alikaza kifuniko cha thamosi kilichokuwa kimekazwa tayari.

"Okeyo alikuwa matangani. Nani alifunga injini?"

"Nilifanya kazi kwake miaka mingi," alisema Kimeli kwa sauti ndogo. "Nilijua kufunga."

"Ulijua saizi?"

"Nilijua. Brathe alikuwa ananisukuma. Nikafikiri itashikilia mpaka ile ingine ije."

"Baada ya kumzika Jepkemei mbona hukusema?"

"Ningesemaje, madam? Alikuwa analia mbele yangu."

Kigen hakupaza sauti. Alimtazama ndugu yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza.

"Kimeli naye atashtakiwa, madam?" Wamalwa aliuliza walipotoka kwenye veranda.

"Nitapeleka faili kwa mwendesha mashtaka. Lakini aliyemuua Okeyo ni mmoja. Na aliyemgonga Jepkemei ni trela."

Alirudi ndani kumalizia maelezo. Kigen alitia sahihi pasipo kusoma.

"Una watoto?" Cheruto aliuliza.

"Watatu. Wa mwisho bado ananyonya... alikuwa ananyonya."

"Wako wapi sasa?"

Kigen alionyesha kwa kidevu upande wa mlango, ambako Kimeli alikuwa amesimama akisubiri kuambiwa kama anaweza kwenda nyumbani.

"Wako kwake."

"Bibi yao je?"

"Ni mgonjwa, hata kikombe hawezi kushika."

"Hakuna mtu mwingine?"

"Hakuna."

Cheruto alifunga faili. Kisha akamwambia Kimeli aende, watoto hawajala.